Ng'ombe Sita wa Nyumba ya Wazazi

Mashine ya kusaga ya kijijini Zagayu huwashwa saa moja asubuhi. Kabla ya hapo foleni imekwisha kupangwa. Ni foleni ya ndoo, madebe na mifuko ya salfeti. Wenyewe wamekaa pembeni wanaongea. Wengi wameleta mahindi. Wachache wameleta mtama.

Milembe hupokea hela na kuandika kwenye daftari. Ana miaka hamsini na miwili. Mume wake ni Masunga, mkulima wa pamba. Milembe ni mweka hazina wa shirika lenye mashine hiyo. Hukaa hapo mpaka saa tano, kisha mwenzake Esteria humpokea, naye anakwenda shambani.

Nyuma ya mashine kuna nyumba ndefu ya matofali ya kuchoma. Watu huiita Nyumba ya Wazazi. Ina vitanda sita. Wanawake wajawazito wa vijiji vya mbali huja kukaa hapo wiki mbili za mwisho, karibu na kituo cha afya, ili uchungu usiwakute nyumbani. Hawalipi kitu. Unga unatoka mashineni. Maharage, kuni na sabuni vinanunuliwa kwa hela ya mashine.

Watu sita ndio walioanzisha shirika hilo. Walilianzisha baada ya mama mmoja kujifungulia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mto ukiwa umejaa na hakuna pa kuvukia. Mama alipona. Mtoto hakupona. Wale sita wakachanga, wakaomba msaada, wakasajili shirika lisilo la kiserikali, wakapata cheti. Mfadhili mmoja akawanunulia mashine.

Mwaka wa kwanza mashine iliwatia hasara. Mwaka wa pili ikatulia. Mwaka wa tatu walilipa umeme, wakamlipa fundi, wakanunua chakula cha wajawazito, na bado zikabaki milioni mbili na ushee. Wakaogopa.

Mwenyekiti wao ni Bujiku, mzee mwenye sauti kubwa. Aliitisha kikao.

"Sisi ni shirika," alisema. "Hatuna duka hapa. Hela hii ikikutwa benki mwisho wa mwaka, watasema tunafanya biashara kwa mgongo wa wajawazito. Cheti kitachukuliwa."

Hakuna aliyebisha. Hakuna aliyekwenda kuuliza pia.

Wakafanya kitu ambacho Msukuma hufanya akiwa na mali asiyotaka kuiweka mahali pamoja. Walinunua ng'ombe watatu wenye mimba mnadani, wakawapeleka kulishwa katika maboma ya wanachama. Desturi hiyo huitwa kubilisa. Mwenye ng'ombe humkabidhi mtu mwingine amchungie. Anayechunga hunywa maziwa, hupata samadi, na baada ya muda hupewa ndama kuwa shukrani yake. Ugonjwa ukiingia boma moja, mali yote haiishi. Ni desturi nzuri, na imeokoa mifugo ya watu wengi.

Mwaka wa nne faida ikaja tena. Wakanunua watatu wengine. Sasa kila mwanachama alikuwa na ng'ombe mmoja wa shirika bomani kwake. Walikubaliana kwamba ndama wote ni wa anayechunga. Kwenye taarifa ya kila mwaka Milembe aliandika: salio, sifuri.

Hakuna aliyejiona mwizi. Kila mmoja aliamini analiepusha shirika na matatizo.

*

Mwezi wa tatu ilikuja barua kutoka ofisi ya kodi. Ilisema shirika lina namba ya mlipakodi, lakini halijapeleka ritani kwa miaka kadhaa. Lifike na hesabu zake.

Milembe alimsomea Masunga barua hiyo wakati wa chakula cha mchana.

"Ritani ni nini?" Masunga aliuliza.

"Sijui. Nadhani ni hesabu za mwaka."

"Nyie mnasaidia watu. Mnatoaje kodi?"

"Na hilo sijui."

"Basi nenda kwa anayejua. Usikae na barua ya serikali kwenye kabati kama kitenge."

Milembe alikwenda Bariadi. Pale mjini kuna mwanamke anaitwa Asumini. Baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi, na nyuma ya duka hilo Asumini ana chumba chenye meza, kompyuta na mafaili. Anaandaa hesabu za wafanyabiashara na kuwashauri mambo ya kodi. Watu humsema kwamba anauliza maswali mengi kuliko polisi.

Asumini aliisoma barua mara mbili.

"Mama, barua hii haina ubaya. Wanataka hesabu tu. Lete daftari."

Milembe alitoa daftari. Asumini alifunua kurasa nyingi.

"Mwaka jana mlibaki na kiasi gani?"

"Hatukubaki na kitu."

"Mashine ilifanya kazi siku ngapi kwa wiki?"

"Sita. Wakati wa mavuno, saba."

"Halafu hamkubaki na kitu?"

"Tulihakikisha hatubaki na kitu," alisema Milembe. Alisema kwa fahari kidogo.

Asumini alifunga daftari. "Alhamisi nitakuja Zagayu. Mwambie mwenyekiti awepo."

*

Alhamisi Asumini alifika kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Milembe na Bujiku walimsubiri kwenye benchi la mashineni.

"Mwangaluka," Bujiku alimsalimu.

"Mwangaluka, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Unajua Kisukuma?"

"Najua salamu na bei za vitu. Nimekulia dukani."

Bujiku alicheka. Asumini alifungua begi lake.

"Nieleze, mzee. Faida ya mwaka juzi ilikwenda wapi?"

"Tulinunua ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa shirika."

"Wako wapi?"

"Kwa wanachama."

"Maziwa anakunywa nani?"

"Anayechunga. Ulitaka anywe nani, mwenyekiti wa kijiji?"

"Na ndama?"

"Wa anayechunga."

"Wangapi mpaka leo?"

Bujiku alimtazama Milembe. Milembe alihesabu kwa vidole. "Saba," alisema.

Asumini aliandika: ng'ombe sita, ndama saba. Kisha akaweka kalamu chini.

"Sasa nisikilizeni. Nitasema polepole, na mkichoka mniambie. Nani aliwaambia shirika haliruhusiwi kupata faida?"

Bujiku alikohoa.

"Watu wanasema," alisema.

"Watu wanakosea. Shirika linaruhusiwa kusaga mahindi, kuuza mafuta ya alizeti, kupangisha ukumbi. Linaruhusiwa kupata faida. Sheria haikatazi faida. Inakataza faida hiyo kugawanywa kwa wanachama na viongozi. Faida inatakiwa irudi kwenye kazi iliyoandikwa kwenye katiba yenu. Katiba yenu inasemaje?"

"Kuhudumia wajawazito," alisema Milembe.

"Ndama mmoja ameshamhudumia mjamzito gani?"

Bujiku alitazama foleni. Milembe alitazama mikono yake.

"Kwa hiyo," alisema Bujiku taratibu, "hela ingekaa benki, hakuna kosa?"

"Hakuna."

"Na tulipoitoa benki ili tusiwe na kosa, ndipo tulipofanya kosa?"

"Hapo hapo, mzee. Kununua ng'ombe hakufuti faida. Faida iko palepale, ila sasa ina pembe."

Fundi wa mashine, aliyekuwa anasikiliza, alicheka mpaka akamwaga unga wa mtu. Mwenye unga hakucheka.

*

Asumini aliendelea. Alivuta debe tupu, akalikalia.

"Kuna jambo la pili. Mnadhani cheti cha usajili kinawaondolea kodi. Hakiwaondolei. Cheti kinasema ninyi ni shirika. Ofisi ya kodi inaandikiwa maombi yake. Mnamwomba Kamishna wa kodi awatambue kuwa shirika la hisani, yaani shirika linalofanya kazi kwa faida ya umma, kama kusaidia maskini, elimu au afya. Akikubali, anatoa barua. Mnayo barua hiyo?"

"Hatuna," alisema Milembe.

"Bila barua, mbele ya kodi ninyi ni kama kampuni yoyote. Mashine ikipata faida, asilimia thelathini ya faida hiyo ni kodi. Na maharage mliyowapikia wajawazito hayahesabiwi kama gharama ya mashine, kwa sababu mashine haili maharage."

"Na tukiwa na barua?"

"Mkiwa nayo, hela mliyotumia kwa wajawazito inatolewa kwanza, ndipo kodi ihesabiwe. Tufanye mapato yenu ya biashara ni magunia manne." Alichora mistari minne kwenye vumbi. "Matatu yatoke mwaka huohuo, yakahudumie watu. Moja mnaruhusiwa kuliweka akiba."

"Robo," alisema Bujiku.

"Robo. Mkitaka kuweka zaidi, labda kwa ajili ya kujenga chumba kingine, mnaandika kwa Kamishna. Mnaonyesha ramani, gharama na muda. Akikubali, akiba hiyo inahesabiwa kama imekwisha kutumika. Mkiweka bila kuomba, ile iliyozidi inaweza kutozwa kodi."

"Tukishapata barua, hatuandiki tena ritani?"

"Mnaandika kila mwaka, mama. Barua haiwaondolei kuandika. Mshahara wa fundi ukifika kiwango cha kukatwa kodi, mnakata na kupeleka. Mauzo yakifika kiwango cha risiti za mashine ya kodi, mnatoa risiti hizo. Na viwango hubadilika, msikariri vya mwaka huu. Kila mwaka mnauliza."

Bujiku aliinama akaitazama mistari mirefu kwenye vumbi.

"Asumini," alisema, "hapa Zagayu ng'ombe hufa. Ndigana ipo. Tukiandika kwamba wale saba walikufa kwa ndigana?"

"Mzee, nimewaona ndama wawili wakati naingia hapa. Walikuwa wanaruka."

"Wanaweza kufa karatasini."

"Karatasini mimi ndiye ninayetia sahihi. Tafuta mtu mwingine wa kuwaua."

Bujiku alifuta mistari kwa mguu.

"Mnafanya hivi," alisema Asumini. "Ng'ombe wote warudi kwenye mali ya shirika, na ndama wao. Mnapeleka ritani za miaka iliyopita zikiwa na ukweli. Kodi ya miaka hiyo mtalipa, na riba yake. Mnasahihisha taarifa mliyopeleka kwa Msajili wa mashirika. Halafu mnaomba barua ya Kamishna. Mkienda kuomba huku wanachama wana ndama wa shirika nyumbani, mtakataliwa, na mtastahili kukataliwa."

"Na waliochunga miaka miwili?" Milembe aliuliza. "Wamechunga bure?"

"Hapana. Kazi ilipwe. Ulizeni hapa kijijini mchungaji analipwa kiasi gani kwa mwezi kwa ng'ombe mmoja. Punguzeni humo thamani ya maziwa waliyokunywa. Kinacholipwa kiandikwe, kisainiwe. Huo ni ujira wa kazi, na ni wa bei ileile ambayo mngemlipa mtu baki. Ndama ni mgao. Hapo ndipo mpaka ulipo."

*

Milembe alirudi nyumbani akiwa na jambo gumu kichwani. Sababu ilikuwa Method.

Method ni mtoto wao wa kiume wa kwanza. Alikuwa ameposa binti wa mzee Mashimba wa Nyashimo. Walikubaliana mahari ya ng'ombe kumi na wawili. Mashimba angekuja baada ya Pasaka kuwaona ng'ombe. Masunga alikuwa na kumi wake. Wawili waliobaki walikuwa ndama wa ng'ombe wa shirika, mtamba na dume, wote wameshaacha kunyonya.

Alimkuta Masunga anapigilia misumari mlango wa zizi. Akamweleza yote. Masunga alisikiliza bila kuacha kazi.

"Warudi wote?" aliuliza.

"Wote. Mama na ndama."

"Ng'ombe huyo amekula majani yangu miaka miwili. Nimemwogesha dawa kwa hela yangu. Alipozaa dume mguu mbele, nani alikesha?"

"Wewe. Utalipwa ujira."

"Ujira huo unanunua ndama wawili?"

"Haununui hata mmoja."

"Basi Mashimba nimwonyeshe nini? Karatasi ya Asumini?"

"Sijui, Baba Method."

"Bujiku anasemaje?"

"Bujiku anataka waandikwe wamekufa."

"Bujiku ana ndama mmoja. Mimi nina wawili. Na bado ndiye anayelia kwanza." Masunga alitupa nyundo chini. "Siwarudishi. Waambie hivyo."

Milembe alikaa kwenye jiwe la kunolea.

"Nitawaambia," alisema. "Lakini jua kitu kimoja. Ile sifuri kwenye taarifa niliiandika mimi. Sahihi ni yangu. Wakimwita mtu, watamwita Milembe."

Masunga aliokota nyundo. Alipigilia misumari mpaka alipopelekewa chakula.

Kikao cha wanachama kilifanyika Jumamosi. Esteria alisema yuko tayari kurudisha, mwingine akianza. Wawili walisema hivyohivyo. Bujiku alisema jambo hili halitaki haraka. Mmoja alisema ndama wake alishamuuza, na hela alishailipia ada ya shule. Wakatawanyika bila uamuzi. Kila mtu alimtazama Milembe, kwa sababu ndiye aliyeleta habari, na ndama wake walikuwa wengi kuliko wa Bujiku.

Jumapili, baada ya misa, Masunga alimwuliza mke wake swali moja.

"Ofisi ya kodi wakija kukagua, wanaweza kusema ndama hao ni wa shirika hata kama wako Nyashimo?"

"Asumini anasema mali ya shirika ni ya shirika popote ilipo."

Masunga alitembea hatua kadhaa kwanza.

"Ng'ombe wa mahari hadaiwi na mtu mwingine," alisema. "Nikimpa Mashimba mnyama, halafu siku moja aje mtu kusema huyu si wa Masunga, Mashimba atasema nilimnunua binti yake kwa mali ya wajawazito. Atalisema kila mahali. Na wajukuu wangu watazaliwa ndani ya maneno hayo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Mashimba ataona kumi."

*

Jumatatu asubuhi foleni ya mashineni ilikuwa ndefu. Masunga alitokea barabarani na fimbo yake, anaswaga ng'ombe mmoja na ndama wawili. Aliwapitisha katikati ya ndoo. Watu wakavuta mifuko yao. Akawasimamisha mbele ya benchi alilokaa Bujiku.

"Mwangaluka, mwenyekiti."

"Mwangaluka. Unahamia wapi na mifugo?"

"Nimeleta mali yenu. Mmoja, wawili, watatu. Nipe karatasi kwamba nimerudisha."

"Masunga, tungeongea kwanza, haya mambo ya ndani..."

"Ongea. Mimi nasubiri karatasi."

Mwanamke mmoja mwenye debe la mtama aliuliza kwa sauti, "Kwani hao si ng'ombe wa Masunga?"

"Si wangu," alisema Masunga. "Wamenunuliwa kwa hela unayolipa hapa. Niliwachunga tu."

"Na wengine wako wapi?"

Masunga alimtazama Bujiku. Foleni nayo ikamtazama Bujiku.

Bujiku aliomba daftari. Akaandika: nimepokea ng'ombe jike mmoja, mtamba mmoja, dume mmoja. Akatia sahihi. Alipomkabidhi Masunga karatasi, alisema kwa sauti ya chini, "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Vaa," alisema Masunga. "Lete wako."

Alasiri ya siku hiyo Esteria alileta ng'ombe wake na ndama. Siku ya tatu Bujiku alileta wake. Yule aliyemuuza ndama aliandika ahadi ya kurudisha thamani yake, na baada ya mavuno akaitimiza. Ilipofika mwisho wa wiki, ng'ombe wote sita na ndama waliobaki walikuwa wamefungwa kwenye miti nyuma ya Nyumba ya Wazazi. Wajawazito walilalamika juu ya inzi.

*

Mzee Mashimba alikuja wiki moja baada ya Pasaka, na ndugu zake wawili. Alikula, akanywa maji, akatoka kwenda zizini. Alihesabu kwa fimbo.

"Nimeona kumi," alisema.

"Ni kumi," alisema Masunga.

"Tuliongea kumi na wawili."

"Tuliongea. Wawili niliowategemea walikuwa ndama wa shirika la mke wangu. Nimewarudisha."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana. Sikutaka uje udaiwe kwa mnyama niliyekupa."

Mashimba alimtazama, kisha akamtazama Method, aliyekuwa amesimama pembeni mikono nyuma.

"Nakushukuru kwa hilo," alisema Mashimba. "Wawili nitawasubiri. Harusi nayo itasubiri."

Aliondoka hivyo. Hakukasirika, na hakupunguza hata mguu wa ng'ombe. Method hakuongea na wazazi wake kwa siku nyingi. Mwezi wa saba pamba ikauzwa. Masunga aliongeza na ujira wake wa kuchunga, akanunua mitamba wawili mnadani. Harusi ilifungwa mwezi wa nane. Ingekuwa mwezi wa tano. Hiyo miezi mitatu ndiyo gharama aliyolipa Method kwa kosa lisilo lake, na alikuwa na haki ya kununa.

Shirika nalo lililipa. Ng'ombe na ndama waliuzwa mnadani mbele ya wanachama wote, kila bei ikaandikwa. Asumini aliandaa ritani za miaka iliyopita. Kodi ikalipwa pamoja na riba. Haikusamehewa, na Asumini hakuwaahidi kwamba ingesamehewa. Fedha iliyobaki iliingia benki kwa jina la shirika. Wakamwandikia Msajili kusahihisha taarifa zao. Wakapeleka maombi kwa Kamishna, na katiba, cheti, hesabu, na maelezo ya idadi ya wajawazito waliolala pale kila mwezi.

Maombi ya kwanza yalirudishwa. Katiba yao haikueleza shirika likifungwa mali yake itakwenda wapi. Walirekebisha: itakwenda kwa shirika lingine lenye kazi kama yao, haitakwenda kwa wanachama. Wakapeleka tena. Barua ilitoka mwishoni mwa mwaka.

Bujiku alitaka iwekwe kwenye fremu. Milembe alisema fremu ni hela, iwekwe kwenye faili.

*

Sasa kila mwaka, mwezi wa kwanza, Milembe hubandika karatasi kwenye ukuta wa mashine. Imeandikwa kwa herufi kubwa ili hata anayejifunza kusoma aisome. Mapato ya mashine. Umeme. Mshahara wa fundi. Matengenezo. Halafu mstari mmoja: faida. Chini yake: chakula cha wajawazito, vitanda, sabuni, kuni. Halafu: akiba ya mwaka. Halafu: kilichogawiwa kwa wanachama, hakuna.

Mfanyabiashara mmoja wa dagaa kutoka Lamadi alisimama kuisoma wakati mahindi yake yanasagwa. Jina lake ni Mustapha. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Mama," alimwambia Milembe, "shirika lenu lina faida kuliko duka langu."

"Lina."

"Na mnaibandika hadharani. Hamuogopi?"

"Tulikuwa tunaogopa. Tulikuwa tunaificha kwenye maboma."

"Na wewe unapata kiasi gani humo?"

"Soma mstari wa mwisho."

Mustapha aliusoma. Akasoma tena.

"Hakuna," alisema.

"Ndiyo hiyo. Faida ipo na huwezi kuila. Hata mimi siwezi."

Fundi alimkabidhi unga wake. Mustapha aliufunga, akalipa, akaondoka. Milembe aliandika kiasi kwenye daftari, kisha akamwita aliyefuata. Nyuma ya ukuta, Nyumba ya Wazazi ilikuwa imeongezwa chumba kwa faida hiyo; wajawazito walikuwa tisa, na vitanda vilikuwa kumi.